Jinsi ya kumpata nyigu kidusia akiwa na jina na mwenyeji wake: mwongozo kamili

Picha ninayotumiwa mara nyingi kuliko zote ni ya kopo la plastiki lililofungwa kwa nguvu. Ndani mna jani lililooza na kiwavi aliyegeuka uji mweusi, na chini yake swali: nilitegemea nyigu watoke, mbona kiwavi amekufa? Wengine hufika mbali zaidi. Hutuma nyigu mzuri kabisa, kiuno chembamba kama uzi, wakitaka jina lake. Nikiuliza alitoka kwa mdudu gani, hawakumbuki.

Makosa hayo mawili ndiyo yanayoharibu karibu kila jaribio. La kwanza linamuua nyigu kabla hajatoka. La pili linamwacha nyigu bila habari yake, na nyigu asiye na habari hana thamani kubwa hata akiwa amekamilika kila mguu.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Kimelea kama kupe hunyonya na kumwacha mwenyeji wake akiendelea na maisha. Kidusia hana njia hiyo. Jike hutaga ndani ya mdudu mwingine au juu yake, na lava wake humla mwenyeji mpaka afe. Familia mbili tu za nyigu hawa, Ichneumonidae na Braconidae, kila moja ina spishi zaidi ya 20,000 zenye majina, na nyingi kati yake hakuna anayejua zinakula nini. Cotesia icipe ilipewa jina mwaka 2017 tu, kutokana na nyigu waliotoka kwenye viwavi wa mchicha nchini Kenya. Muda mfupi baadaye ikagunduliwa Ethiopia ikitoka ndani ya kiwavijeshi vamizi. Habari za namna hiyo hupatikana kwa makopo, jani na daftari, vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuwa navyo.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaokota hata kiwavi mmoja

- Makopo madogo angavu, moja kwa kila mwenyeji. Ukitaka viwavi 30, andaa makopo 30.
- Kitambaa chepesi chenye nyuzi zilizobanana sana, na mipira ya kukifunga kwenye mdomo wa kopo. Chandarua cha mbu hakifai, kwa sababu nyigu wengi hawafiki hata milimita 2 na watapita humo kama mlangoni.
- Karatasi laini ya kunyonya maji.
- Brashi ndogo ya rangi, yenye ncha laini.
- Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 au zaidi. Ukipata hadubini ya kutazamia vitu vizima, kazi itakuwa nyepesi mno.
- Etanoli ya asilimia 95 na vichupa vidogo vyenye vifuniko visivyovuja.
- Asali kidogo.
- Daftari, penseli na karatasi ngumu ya kukatia lebo.

Penseli si mbadala wa kalamu, ni ya lazima. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye etanoli, na baada ya wiki moja unabaki na lebo nyeupe ikielea juu ya nyigu usiyemjua.

## Hatua ya 1: Okota wenyeji wengi, wa umri tofauti

Watu huokota viwavi wanene, kwa kuwa ndio wanaoonekana. Hilo linakunyima vidusia wengi. Kila kidusia ana umri wa mwenyeji anaoutaka. Nyigu wadogo wa jenasi Trichogramma na Telenomus hutaga ndani ya mayai ya nondo na kumaliza maisha yao humohumo. Cotesia wengi hutafuta viwavi wachanga. Wengine husubiri pupa, hatua ya kutulia kabla kiwavi hajageuka nondo. Kiwavi mnene uliyemwokota huenda amekwishapona vidusia wengi waliokuwa wakimwinda akiwa mdogo.

Kwa hiyo chukua mayai, viwavi wa kila kimo na pupa. Wachukue pamoja na kipande cha mmea waliokuwa wakila, na usikisie mmea huo, utambue. Kama mmea umepuliziwa dawa hivi karibuni, tafuta mwingine.

Usichague wanaoonekana wagonjwa tu. Mwenyeji aliyeshambuliwa mara nyingi huonekana mzima mpaka siku za mwisho, na ukichagua wagonjwa peke yao hutaweza kusema lolote kuhusu kiasi cha mashambulizi.

Tahadhari: maeneo ya hifadhi huhitaji kibali hata kwa kiwavi mmoja. Omba kibali kwanza.

## Hatua ya 2: Andika kabla ya kufunika kopo

Kila mwenyeji apewe namba yake palepale ulipomwokota. Namba iwe kwenye kopo na kwenye daftari. Andika tarehe, mahali pamoja na latitudo na longitudo kutoka kwenye simu, mmea, sehemu ya mmea, na hatua ya mwenyeji: yai, kiwavi mchanga, kiwavi mkubwa au pupa.

Hatua ya mwenyeji ndiyo watu huiruka, nami naisisitiza kwa sababu hii. Nyigu wa jenasi Chelonus hutaga ndani ya yai la nondo, lakini yai hilo huanguliwa kama kawaida. Kiwavi hutoka, hula, hukua, huku lava wa nyigu akiwa tumboni mwake. Ukiwa na rekodi inayosema "aliokotwa akiwa yai", nyigu akitoka baadaye kwenye kiwavi unajua kwa uhakika alitagwa wakati gani. Bila rekodi hiyo utaandika kwamba nyigu huyu hushambulia viwavi, na utakuwa umekosea.

Piga picha ya mwenyeji pia. Kidusia akimaliza kazi yake, kitakachobaki ni ngozi iliyonywea, ambayo hutambui chochote kwayo.

## Hatua ya 3: Mlishe mwenyeji kana kwamba yeye ndiye unayemtaka

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tuende polepole.

Lava wa nyigu hukua kwa kutegemea mwenyeji aliye hai. Kiwavi akifa njaa leo, nyigu waliobakiza siku tatu kutoka hufa pamoja naye. Mahitaji yote ya kiwavi ni mahitaji ya nyigu.

Tandika karatasi ya kunyonya maji chini ya kopo. Weka kipande cha jani bichi cha mmea uleule, kikubwa kiasi cha kuliwa kwa siku moja. Funika kwa kitambaa, si kwa kifuniko cha plastiki. Jani hupumua unyevu, kinyesi kina unyevu, na kopo lililofungwa hugeuka chungu cha ukungu katika siku mbili.

Kila siku, ikiwezekana saa ileile, toa jani la jana na kinyesi, badilisha karatasi ikiwa imelowa, weka jani jipya. Mhamishe kiwavi kwa brashi, usimshike kwa vidole. Kabla ya kuweka jani jipya, ligeuze na kulikagua kwa lenzi pande zote mbili. Buibui mdogo, vidukari au mayai ya nondo mwingine yakiingia na jani, matokeo yako yamevurugika.

Kiwavi mmoja, kopo moja. Viwavi wa spishi nyingi hulana wakibanwa pamoja. Zaidi ya hapo, ukikuta vifukofuko 26 vya hariri vya nyigu kwenye kopo lenye viwavi watano, hutajua ni vya nani.

Weka makopo kivulini, mahali penye hewa. Mwanga wa jua unaopiga kopo moja kwa moja huwapika wote kwa dakika chache. Miguu ya meza itumbukize kwenye vibakuli vya maji yenye sabuni, maana sisimizi wakigundua pupa laini hawaachi hata mmoja. Na katika chumba hicho usipulize dawa ya mbu wala kuwasha ya kufukiza. Nyigu hawa hufa kwa kiasi ambacho kiwavi hata hakihisi.

Unajuaje unafanya vizuri? Kinyesi cha kila siku ni kikavu, chembechembe zilizotengana. Kikianza kuwa majimaji, kiwavi anaugua: punguza unyevu na badilisha jani mara mbili kwa siku.

## Hatua ya 4: Tambua dalili, na usitupe kitu

Kiwavi aliyebeba vidusia mwishoni huacha kula, husinyaa rangi na hupunguza mwendo. Kisha ngozi yake huanza kutikisika kwa ndani.

Cotesia wakitoka ni jambo la kulitazama kwa lenzi mwanzo hadi mwisho. Lava weupe wanatoboa ngozi ubavuni, wanajisukuma nje taratibu, na kabla hata hawajamaliza kutoka wameanza kuzungusha vichwa wakifuma hariri. Ndani ya saa chache kiwavi amezungukwa na rundo la vifukofuko vyeupe au vya manjano. Mara nyingi bado yu hai. Viwavi wa kabichi (wa vipepeo Pieris) walioshambuliwa na Cotesia glomerata hubaki juu ya rundo hilo, na wakiguswa hurusha kichwa huku na huko, mithili ya walinzi wa watoto waliowala wao wenyewe.

Watu wengi huona rundo hilo wakadhani kiwavi ametaga mayai, wakaliponda. Kiwavi hatagi. Anayetaga ni nondo au kipepeo aliyekomaa. Ukiona "mayai" ya hariri pembeni mwa kiwavi, umefanikiwa.

Dalili nyingine ni hizi. Yai la nondo lililoshambuliwa na Trichogramma hugeuka jeusi kabisa baada ya siku tatu au nne, na hubaki jeusi hata nyigu wakishatoka. Nyigu huacha tundu dogo la duara, wakati kiwavi akiangua hutafuna mdomo mpana usio na umbo. Kidukari aliyeshambuliwa huvimba, hukauka na kugeuka rangi ya dhahabu au nyeusi, akiwa amegandia jani. Na kifukofuko kimoja chenye madoa meusi, kinachoning'inia kwenye uzi kama taa, huenda ni cha Charops, wa familia ya Ichneumonidae.

Ukipata pipa dogo la kahawia, laini, gumu, lisilo na hariri, huyo si nyigu. Ni nzi kidusia wa familia ya Tachinidae. Mtunze na mwandike vilevile, naye ni jibu halali.

Kiwavi akifa bila dalili yoyote, usimtupe siku hiyo. Mwache wiki mbili kwenye kopo kavu. Asipotoka mdudu, mpasue ndani ya tone la maji yenye chumvi kidogo na utafute lava aliyefia tumboni. Pupa zilizokaa kimya zihifadhi kwa miezi mingi, hata mwaka, kwa kuwa wapo nyigu wanaolala msimu mzima wakisubiri hali ya hewa.

## Hatua ya 5: Tenga vifukofuko, kwa sababu ya nyigu wa pili

Nyigu vidusia nao wana vidusia wao. Lysibia nana, kwa mfano, hutaga ndani ya vifukofuko vya Cotesia glomerata. Ukikusanya vifukofuko shambani vikiwa tayari vimefumwa, kinachotoka kinaweza kuwa mdudu aliyemla rafiki wa mkulima, nawe ukaandika kwamba yeye ndiye adui wa kiwavi. Kosa hili limo hata kwenye orodha za zamani za wenyeji, na kulifuta ni kazi ngumu.

Kinga yake ni rahisi. Lava wakitoka kwa kiwavi ndani ya kopo lako lililofunikwa, hakuna nyigu wa pili anayeweza kufikia vifukofuko hivyo. Kwa vile ulivyookota shambani, weka kila kifukofuko peke yake, kisha nyigu wakitoka chunguza tundu. Cotesia hukata ncha ya kifukofuko kwa duara safi, kifuniko kikabaki kimening'inia kama cha birika. Nyigu wa pili kwa kawaida hutafuna tundu lenye kingo chakavu.

Hifadhi vifukofuko vitupu pamoja na nyigu. Mtaalamu atavitaka.

Cotesia wengi kwenye joto la wastani hutoka kwenye kifukofuko baada ya wiki moja hivi. Kagua asubuhi na jioni.

## Hatua ya 6: Mwache akomae, umtazame

Nyigu aliyetoka muda huu ana rangi hafifu na mwili laini. Mpe siku nzima. Paka asali juu ya kitambaa kwa utando mwembamba kabisa. Tone zima litamnasa miguu na kumzamisha.

Wahesabu sasa, majike na madume. Jike ana mwiba wa kutagia nyuma ya tumbo, ingawa kwa wengine ni mfupi na umefichwa. Hesabu hii ina maana: yai la nyigu lisilorutubishwa huwa dume, hivyo ukipata kundi zima la madume, mama yao huenda hakuwahi kupandwa. Na usishtuke idadi ikiwa kubwa mno. Yai moja la Copidosoma floridanum hujigawa ndani ya mwenyeji na kutoa nyigu zaidi ya 1,000.

Ukitaka kuona tabia, mweke jike na mwenyeji mpya ndani ya kisahani cha kioo na uandike dakika kwa dakika. Anapapasa nini kwanza? Wengi huanza na kinyesi cha kiwavi na jani lililotafunwa, kwa kuwa harufu yake ndiyo iliyowaongoza. Anachoma mara ngapi, anakaa muda gani, kiwavi anajiteteaje? Ila usimchukulie mwenyeji uliyemlazimisha kwenye kisahani kuwa mwenyeji wake wa kweli. Anayehesabika ni yule uliyemwokota porini au shambani na nyigu akatoka ndani yake.

Tahadhari: Ichneumonidae wakubwa wa rangi ya machungwa wanaokuja kwenye taa usiku, jenasi Netelia, huchoma mtu kwa maumivu. Tumia brashi.

## Hatua ya 7: Hifadhi na uandike lebo

Kuwahamisha, unganisha mdomo wa kichupa na wa kopo, kichupa kikiwa upande wa mwanga na kopo gizani. Wataufuata mwanga wenyewe. Mimina etanoli ya asilimia 95. Kiasi hicho hulinda DNA, ijapokuwa mwili hukakamaa na vipapasio huvunjika kirahisi, hivyo usitikise kichupa. Ukiwa na nyigu wengi, weka wachache kwenye asilimia 70 ambako hubaki laini.

Kamwe usihifadhi majike tu. Cotesia flavipes na Cotesia sesamiae, wote wakishambulia viwavi wanaotoboa mabua, wanafanana mno hivi kwamba kinachowatenganisha vizuri ni viungo vya uzazi vya dume. Spishi za Trichogramma nazo hutambuliwa hivyohivyo.

Lebo huingia ndani ya kichupa. Ya nje hubanduka. Iwe na mahali, latitudo, longitudo, jina lako, kisha habari kama hizi:

*Na. 014. Kiwavi wa Pieris, mchanga, jani la kabichi. Aliokotwa 3 Machi. Lava walitoka 9 Machi. Nyigu 16 Machi: majike 19, madume 7.*

Jaribio la lebo: mpe mtu asiyejua lolote kuhusu kazi yako. Akiweza kukueleza nyigu alitoka wapi, lini na kwa nani, lebo imetosha.

## Hatua ya 8: Tafuta familia kwanza, spishi baadaye

Usikimbilie picha za intaneti. Anza na bawa la mbele.

Likiwa na mishipa mingi inayounda vyumba, uko kwenye Ichneumonidae au Braconidae. Tazama katikati ya bawa. Ichneumonidae wana chumba kikubwa chenye umbo la kichwa cha farasi, na nje yake mshipa mdogo wa pili unaoshuka kuelekea ukingo wa nyuma. Braconidae, isipokuwa wachache sana, hawana mshipa huo wa pili. Kama ni Braconidae mdogo mweusi mwenye vipapasio vya pingili 18 kamili, yumo kwenye kundi la Microgastrinae, wanamokaa Cotesia.

Bawa likiwa tupu, lenye mshipa mmoja mnene kwenye ukingo wa mbele, na vipapasio vimekunjika kama kiwiko, fikiria Chalcidoidea, kundi kubwa la nyigu wadogo, hasa akimetameta kijani au buluu. Mweusi aliyetoka kwenye yai la nondo anaweza kuwa Telenomus. Hesabu pingili za mwisho wa mguu: Trichogramma wana tatu, Telenomus wana tano.

Kufikia jenasi kwa njia hii ni mafanikio makubwa. Spishi ni kazi ya mtaalamu, mara nyingi akisaidiwa na kipande cha DNA cha jeni COI chenye herufi 658. Ukipewa jina, linakili pamoja na mabano yake kama yapo. Cotesia flavipes Cameron, 1891 haina mabano kwa sababu Cameron, aliyeipa jina mwaka huo, aliiweka kwenye Cotesia tangu mwanzo. Cotesia sesamiae (Cameron, 1906) inayo, kwa kuwa aliiweka kwenye jenasi nyingine ikahamishwa. Ukiyafuta, umefuta habari hiyo.

## Hatua ya 9: Piga hesabu na utume

Andika wote, pamoja na waliotoa nondo na waliokufa tu. Tuseme uliokota viwavi 50: nondo 33, nyigu kutoka kwa 11, waliokufa bila sababu 6. Kiwango cha mashambulizi ni asilimia 22 ukihesabu wote, au asilimia 25 ukiwaacha wale 6. Toa namba zote mbili. Na mahali ulipookota 50 usipate nyigu hata mmoja, paandike pia. Ramani ya mtawanyiko wa spishi isiyo na sehemu tupu zilizokaguliwa haielezi spishi inaishia wapi.

Kabla ya kutuma, mwandikie mtunza wadudu wa makumbusho au chuo kikuu, mtajie mwenyeji, mmea na familia unayodhani, umwulize kama atawapokea na kwa utaratibu gani. Usitume nyigu walio hai kuvuka mpaka wowote. Bakiza wewe kichupa kimoja chenye majike na madume wa kundi lilelile, chenye lebo ileile, na nakala ya kurasa zako za daftari iende pamoja na kifurushi.